Mbwa Wasiolia wa Yadi ya Malaba

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Malaba na viatu vipya vya ngozi na hofu ya mbwa. Viatu vilinibana, hofu ikanibana zaidi. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo na cheti cha msaidizi wa afya ya wanyama, na kichwani nilikuwa nimejipangia ng'ombe tu: kuchanja ng'ombe, kuzalisha ng'ombe, kusimama kando ya josho nikihesabiwa miongoni mwa watu wa maana. Ofisa wa Mifugo wa Divisheni, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alikitazama cheti changu, akanitazama mimi, akaniambia ng'ombe wana watu tayari.

"Mbwa ndio hawana mtu," akasema. "Wewe utakuwa wa mbwa."

Nataka mnielewe, vijana wa mifugo mnaosoma haya. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Mama yangu kule Busibwabo alikuwa akisema kwamba nikitumwa maji, nahuzunikia mtungi uliovunjika kabla sijaushika. Sasa mtu wa namna hiyo anapewa sindano na kisanduku cha barafu, anaambiwa aende yadi za malori akachanje mbwa dhidi ya kichaa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, ndiyo, lakini kunguru aliyeajiriwa na serikali ataukimbizia wapi? Nilienda.

Yadi ya kwanza ilikuwa ya Ekisa. Wakati huo hakuwa mzee bado. Alikuwa dereva wa trela aliyechoka na barabara, akanunua uwanja karibu na mpaka, akauzungushia mabati, na madereva waliokuwa wakisubiri kuvuka kwenda Uganda wakawa wanalaza magari yao kwake. Watu walimwamini kwa sababu ya mbwa wake. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya katoni ya watoto wa mbwa waliokuwa wameanza tu kutembea vizuri. Anamchukua mmoja, anamwinua kwa ngozi ya shingo, anamning'iniza hewani, anangoja. Akilia, anatiwa katoni nyingine: huyo atapewa watu wa Marachi akalinde kuku. Akinyamaza, anarudishwa kwa mama yake: huyo ni wa yadi.

Msidhani yalikuwa mambo ya Ekisa peke yake. Babu yangu alichagua mbwa hivyo hivyo, na majirani zetu wote, Waluhya kwa Wateso. Mbwa anayelia akiwa mtoto, walisema, atakimbia akiona panga. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na mimi sikuuona. Siku hiyo nilichanja mbwa wa yadi nzima, na hakuna hata mmoja aliyelia. Walinitazama tu. Nilirudi ofisini nikifikiri kazi ya mbwa ni rahisi kuliko nilivyodhani.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Busia, chini ya Daktari wa Mifugo wa Wilaya. Huyo alikuwa mrefu, mkimya, mnywaji wa chai isiyo na sukari, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kukaa nalo kimya mpaka ujibu upuuzi. Nilimwogopa kuliko mbwa. Lakini kila ninachokijua kuhusu kiwiko cha mbwa nilikipata kwake, na kiwiko ndicho kilichoniweka macho miaka yote iliyofuata.

Ndio wakati mbwa wakubwa wa kigeni walipoanza kuingia kwa wingi. Zamani mbwa wetu walikuwa wale wembamba wa rangi ya udongo, wanaojilea wenyewe. Malori yalipoongezeka mpakani na kila ajenti wa forodha akataka geti, watu wakataka mbwa wa kutisha: shepadi wa Kijerumani, rotwaila, boaboeli wa Afrika Kusini mwenye kichwa kama sufuria ya harusi. Mbwa hao wanakua kwa kasi ya ajabu. Leo unambeba, baada ya miezi michache anakubeba yeye. Na katika kukua huko ndiko ugonjwa unakojificha.

Daktari alinieleza siku moja juu ya meza ya chai, akitumia mkono wake mwenyewe. Kiwiko, alisema, ni mahali mifupa mitatu inapokutana, mmoja wa juu na miwili ya chini. Ile miwili ya chini inatakiwa kukua pamoja kama fahali wawili wa plau. Mmoja akimtangulia mwenzake, nira inakwenda upande. Kiungo hakikai sawa tena. Gegedu, ule utando mweupe laini unaofunika ncha za mifupa, unapasuka, au kipande kidogo cha mfupa kinameguka na kubaki humo ndani kama changarawe ndani ya kiatu. Mbwa anaikanyaga changarawe hiyo kila hatua. Huanza akiwa na miezi minne, mitano hivi, na asiposaidiwa, kabla hajatimiza miaka miwili kiwiko kimeshakuwa cha kizee.

Nikamuuliza unatoka wapi ugonjwa huo. Akasema kwanza ni ukoo: baba mwenye viwiko vibaya atazaa watoto wenye viwiko vibaya, hata angekuwa mzuri namna gani kwa macho. Kisha ni mwenye mbwa. Anamlisha mtoto mpaka ananona, anamwongezea madini, anamrukisha juu ya magari kabla mifupa haijakomaa.

"Na nitamjuaje?" nikauliza. "Kwa kuchechemea?"

Akajimiminia chai nyingine kwanza.

"Anayeumwa miguu yote miwili hachechemei," akasema mwishoni. "Achechemee aegemee upi? Usianze na mguu, anza na kuamka. Kaa mbali, mwache alale, mngoje aamke. Mwenye mbwa atakwambia hana kitu. Mbwa naye atakwambia hana kitu. Kazi yako ni kutowaamini wote wawili, kwa heshima."

Basi nikawa mtu wa kungoja mbwa waamke. Nilikaa nje ya mageti ya Busia juani, mwavuli mkononi, macho kwa mbwa aliyelala. Wabadilishaji fedha walifikiri natumwa na polisi. Walipojua ninachofanya wakanipa jina, Mama Ngoja Mbwa, na likanishika mpaka sokoni. Sikujali sana. Niliona niliyotumwa kuyaona: mbwa anayeamka kwa kuinua nyuma kwanza na kuvuta mbele baadaye, mbwa anayesimama na nyayo za mbele zimetazama nje, mbwa ambaye hatua zake za kwanza ni fupi na za kumi ni nzuri. Hizo za kumi ndizo mwenyewe anazoziona, maana yeye hutoka nyumbani mbwa akiwa ameshapata moto.

Dawa hatukuwa nazo nyingi. Tulimpunguza uzito, tukamfunga kamba asiruke, tukampa dawa ya maumivu ya mbwa ikipatikana. Ya mbwa, nasema, maana wengine walikuwa wanawapa mbwa vidonge vyao wenyewe vya mgongo, na vidonge hivyo vinachoma tumbo la mbwa mpaka anatapika damu. Nimegombana na watu wazima kwa jambo hilo. Picha za eksirei hazikuwepo kwetu kwa mnyama yeyote, ilikuwa mpaka Kisumu, na wenye mbwa wengi walinicheka usoni nikiitaja Kisumu.

Serikali za kaunti zilipokuja nikarudishwa Malaba, na hapo ndipo nilipomalizia. Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Daktari wa Mifugo wa Kaunti Ndogo, msichana mdogo kuliko kitinda mimba wangu, mwendesha pikipiki hodari. Aliniita mama na akanipa kazi kama mtu wa rika lake. Nilimpenda kwa yote mawili. Na Ekisa nilimkuta palepale, sasa mzee, yadi imefika mpaka karibu na reli, mbwa wake wakijulikana mpaka Tororo. Dume lake kubwa, boaboeli mwenye damu ya shepadi kidogo, lilikuwa linaitwa Kifaru. Watu walikuwa wanaleta majike kwa Kifaru kutoka pande zote mbili za mpaka.

Asubuhi moja akaja ofisini soja wa yadi hiyo, Barasa, mtu wa Butula, mpole, wa makamo. Alishika kofia mkononi muda wote. Alisema anataka niende kumwangalia Sajini, mtoto wa Kifaru, ila niende wakati mzee hayupo. Barasa ndiye aliyemlea Sajini tangu siku alipochaguliwa. Alimlisha kwa kiganja. Usiku walikuwa wawili tu katika uwanja ule wote, yeye na rungu lake na mbwa huyo, na alikwisha kuponea mara moja kwa sababu ya mama yake Sajini, walipoingia wezi wa kuchana maturubai.

"Anachelewa kuamka, mama," akaniambia. "Mzee akijua, ni kama yule mwingine."

Nilijua habari za yule mwingine. Mjini kila mtu alizijua na hakuna aliyezizungumza. Ndugu yake Sajini wa tumbo moja alianza kuchechemea wakati wa mvua ndefu, na siku moja hakuonekana tena. Ekisa alikuwa na kanuni yake, mbwa kilema hali ugali wa yadi, na katika stoo, rafu ya juu, kulikuwa na kopo la sumu ambalo halikuwekwa kwa ajili ya panya. Sasa ni Sajini. Na Ekisa alikwisha kuwaahidi watu kwamba huyu ndiye atakayeshika nafasi ya Kifaru.

Nilienda.

Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikangoja. Sajini alikuwa amelala juu ya simiti tupu kivulini mwa trela, kijana mkubwa wa rangi ya asali, bado na uso wa kitoto. Barasa akamwita. Nyuma ikainuka. Mbele ikabaki chini kidogo, kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono, kisha akajisukuma. Nyayo zikatazama nje. Nilikuwa nimeshaona, lakini nikaendelea, maana mtu wa wasiwasi anapotabiri mabaya huomba awe amekosea. Nikamshika bega: nyama imepungua. Nikashika kiwiko kwa nje: kimejaa, hakina umbo. Nikakikunja taratibu mpaka mahali ambapo kiwiko kizima kinaendelea, hiki kikagoma. Nikabonyeza upande wa ndani.

Hakulia. Alijilamba mdomo. Akageuza uso. Nikabonyeza tena, akapiga mwayo mrefu, macho yakaonyesha weupe. Mguu wa pili hivyo hivyo.

Barasa alishusha pumzi. "Si umeona, mama? Hajasema kitu. Hana kitu."

Nilikuwa nakumbuka ile katoni ya siku yangu ya kwanza. Tangu nilipoanza kazi, na kabla yangu, Ekisa alikuwa anachagua wale walionyamaza, na wale walionyamaza wanazaa walionyamaza, kizazi juu ya kizazi, na wale wa kulia wanapelekwa Marachi. Alikuwa amejitengenezea ukoo wa mbwa ambao hawawezi kumwambia mtu kwamba wanaumia. Mimi mwenyewe niliwasifu kwa hilo.

"Anaumwa, Barasa," nikasema. "Miguu yote miwili."

Akaniomba nisimwambie mzee. Aliomba vizuri, bila kelele, na ndivyo ilivyokuwa vigumu. Alisema atamlisha kidogo, atamzuia asiruke, mzee hatagundua. Nikamuuliza analishwa nini sasa. Akanitajia: uji wa omena, damu kutoka kichinjioni, maziwa, na juu ya hayo kikombe cha chumvi ya madini ya ng'ombe wa maziwa, ile ya gunia. Kikombe kila siku. Mzee alitaka mifupa mikubwa. Na jioni anamrukisha kutoka nyuma ya lori kwenda chini ili madereva waone.

Nilirudi ofisini nikamweleza Daktari wangu mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema vidole vyangu anaviamini lakini lazima tupate picha, na picha iko Kisumu, na mbwa wa mtu hapelekwi Kisumu kwa kuibwa. Lazima mwenyewe aambiwe. Akajitolea kwenda yeye. Nilikataa. Ekisa hakuwa akimjua, na mimi alinijua tangu viatu vyangu vikiwa vipya.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo palipokuwa na kazi yenyewe. Chuo kinawafundisha kutambua ugonjwa. Hakiwafundishi kufanya nini ugonjwa ukitambuliwa na jina lake likawa ndilo litakalomwua mgonjwa. Nikinyamaza, Sajini ataishi mwaka mmoja au miwili akikanyaga changarawe, na atazaa wengine wa namna yake mpaka Tororo. Nikisema, kuna lile kopo. Nilikwenda hata hivyo. Mume wangu aliniambia ninatembea kama mtu anayepeleka habari za msiba.

Ekisa alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na geti. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto, za mvua, za foleni ya malori. Kisha nikamwambia. Sikumtaja Barasa, nilisema nimemwona mbwa akiamka, na kwa kuwa mji mzima unanijua kwa kungoja mbwa, alikubali.

Hakukasirika. Alicheka.

"Daktari, wewe unanijua. Mbwa wangu huwa hawana hiyo maneno ya miguu. Na chumvi, si ng'ombe anakula anapata mifupa? Mbwa naye si ana mifupa?"

Nikamweleza kwamba mwili wa mtoto wa mbwa haujui kukataa. Madini unayompa anayachukua yote, yanaharakisha huku na kuchelewesha kule, na kiwiko ndicho kinacholipa. Akatikisa kichwa. Sajini alikuwa amekuja kusimama karibu naye, na Barasa nyuma yake, mikono imeshikana.

"Angeumwa angelia," akasema Ekisa.

"Mzee, huyu ulimchagua kwa nini?"

Akanitazama. Alielewa kabla hajajibu, nililiona hilo, lakini alijibu kwa sababu ni mtu mkweli. "Kwa sababu hakulia."

Nikamwomba anipe mkono wake. Niliuweka kiganja wazi juu ya kifua cha Sajini, nyuma kidogo ya kiwiko cha kushoto, mahali moyo unapopiga. Nikamwambia atulie, asinitazame mimi, ausikilize mkono. Moyo ulikuwa unakwenda pole, wa mbwa aliye karibu na mtu wake. Kisha nikaushika mguu wa kulia na kuukunja, taratibu, mpaka pale unapogoma.

Sajini hakutoa sauti. Alitazama mbele. Lakini uso wa Ekisa nilikuwa nauona, nao ulibadilika moyo ule ulipoanza kwenda mbio. Mkono wake ulitaka kuondoka pale kifuani, akaurudisha. Nikaachia mguu. Moyo ulichukua muda kushuka, na yeye aliungoja mpaka ukashuka.

Akasimama, akaelekea stoo.

Barasa akanitazama. Sitasahau jinsi alivyonitazama. Tulisikia mlango wa mabati unafunguliwa, tukasikia vitu vinasogezwa huko ndani, kitu kinaanguka. Nilisema moyoni, umemwua, mwanamke wewe na kiherehere chako, umemwua mbwa wa watu mchana kweupe. Barasa alikuwa amepiga goti na kumshika Sajini shingoni. Naye Ekisa anachelewa, anachelewa, na sisi tunangoja.

Alitoka amebeba godoro. Lilikuwa la kabini ya trela, jembamba, limepauka, lile alilokuwa akilalia barabarani enzi za udereva wake. Alilitandika chini kivulini, juu ya simiti, akalipigapiga vumbi kwa kiganja.

"Hapa ni baridi," akasema. "Alale hapa."

Nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Akabaki amesimama akimtazama Sajini anavyojishusha juu ya godoro, mbele kwanza kwa tahadhari, kisha nyuma. Alimtazama kama mtu anayemwona mbwa huyo kwa mara ya kwanza.

"Na yule ndugu yake," akaniuliza. "Alikuwa na hii?"

"Sikumpima, mzee. Inawezekana."

"Hata yeye hakulia," akasema. Kisha akaingia ndani, na siku hiyo hatukumwona tena.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya kawaida, na nayaeleza kwa faida yenu. Tulimpeleka Kisumu kwa pikapu, Barasa akiwa nyuma amekaa naye juu ya godoro lile. Picha zikaonyesha kipande kilichomeguka katika kiwiko cha kushoto, na cha kulia kimeanza kuota mfupa pembezoni. Kipande kilitolewa kwa upasuaji. Chumvi ya ng'ombe ikarudishwa kwa ng'ombe. Sajini akapunguzwa chakula mpaka mbavu zikawa zinashikika kwa kidole, jambo lililowaudhi madereva wakadhani Ekisa amefilisika, na akawa anatembezwa kwa kamba kando ya reli, polepole, kila asubuhi. Akahasiwa, asizae. Kwa Kifaru ndiko tulikobishana. Ekisa alisema huwezi kumvua mfalme suruali mbele ya watu wake. Ilichukua miezi, lakini alikubali, na siku ya kazi yenyewe wanaume wote wa yadi walipata shughuli kwingine.

Msije mkadhani Sajini alipona. Kiwiko kilichoharibika hakirudi kuwa kipya. Anaishi, anabweka, usiku anazunguka na Barasa kwa mwendo wake, na mvua ikikaribia anajua kabla ya redio. Hilo ndilo tulilolipata, na mimi sikuwa nimetarajia hata hilo.

Nimestaafu sasa. Walinipa chupa ya chai na mwavuli, na Daktari wangu mdogo akalia, nikamwambia afadhali wewe unayelia. Niko nyumbani Busibwabo na mihogo yangu. Mume wangu husema nimestaafu kila kitu isipokuwa wasiwasi, na hajakosea. Watoto wa Kifaru waliotawanyika kabla ya siku ile ni wengi, wako Busia, wako Butula, wako ng'ambo, na wote ni wa ukoo wa kunyamaza. Nikienda mjini siwezi kupita geti bila kusimama kungoja. Wakati mwingine nabisha hodi na kumwambia mtu asiyenijua kwamba mbwa wake anaumwa. Baadhi hunifukuza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya yule aliyefunzwa kuficha na wanaompenda.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, mkiambiwa mnyama hana kitu, wekeni mkono.

Majuzi Ekisa alinipigia simu niende Malaba. Alikuwa na watoto wa mbwa, wa jike jembamba jepesi na dume lingine kabisa, lililopigwa picha viwiko kwanza kwa amri yake mwenyewe. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya katoni, kama siku ile ya kwanza, ila sasa magoti yanamsumbua na ilibidi ashike mabati. Akamwinua mmoja kwa ngozi ya shingo. Mtoto akanyamaza. Ekisa hakumsifu. Alimtia kiganja kifuani, akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu kama alivyokuwa akisikiliza injini, kisha akamrudisha kwa mama yake. Akachukua wa pili. Huyo alipiga yowe lililowafanya madereva wageuke.

Akamkabidhi Barasa. "Huyu abaki yadi."

"Boss, lakini huyu analia," akasema Barasa.

"Ndiyo. Huyu atatuambia."

Yowe lilikuwa linaendelea mikononi mwa Barasa. Kule kivulini Sajini akainua kichwa, akainua nyuma, akatafuta pa kuweka mikono, akajisukuma kutoka kwenye godoro la mzee na kuja kunusa anayepiga kelele. Nilimwangalia mpaka akasimama vizuri.